Uongozi wa Kujitolea na Sisi Watumishi



Kila chama kipya cha siasa kifikapo katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang, kitu cha kwanza kitafutacho si fedha wala bendera, bali ni watu. Hutafutwa mwenyekiti wa tawi, katibu, na mweka hazina, nao huambiwa mapema kwamba mshahara hapana. Na kwa kuwa katibu hana budi ajue kuandika vema, macho ya watafutaji huelekea upesi kwenye ofisi zetu. Wengine wetu wakiulizwa hukataa kwa hofu. Wengine hukubali kwa siri. Sisi twaona njia zote mbili hazifai, na leo twataka kueleza sababu.

Jambo hili si geni. Umoja wa watumishi Waafrika wa Tanganyika uliundwa Tanga mwaka 1922, na kiongozi wake alikuwa Bwana Martin Kayamba. Mwaka 1929 African Association ilipoanzishwa Dar es Salaam, katibu wake alikuwa Bwana Kleist Sykes, naye alikuwa mtumishi wa reli. Mabwana hao walifanya kazi ya mchana kwa mshahara na kazi ya jioni bila mshahara. Lakini mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa, hata TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, makarani wengi hawakuweza kuwa wanachama kwa wazi. Mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili ashike kazi ya chama. Alichagua moja, akaacha jingine, na kila mtu akajua amesimama wapi.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilitaka chama kipya, kabla ya kupata usajili kamili, kionyeshe wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwemo. Muda wa usajili wa kwanza ulikuwa siku 180 tu. Asikiaye habari hii mjini hudhani mia mbili ni kidogo. Lakini huku kwetu nyumba za Wairaqw hazikupangwa kama mji. Kila moja husimama katika shamba lake, hii juu ya kilima, ile ng'ambo ya bonde. Mtu aweza kutembea tangu alfajiri hata adhuhuri asibishe hodi katika nyumba nyingi. Huko chini Hanang, Wadatoga huhama na ng'ombe wao kufuata majani na maji. Uliyemwandika mwezi huu huenda mwezi ujao usimkute. Tena Kiiraqw na Kidatoga ni lugha zisizo za jamaa moja, na wako wazee ambao Kiswahili kwao ni kizito. Ajitoleaye hutembea kwa viatu vyake mwenyewe, hula cha kwake, na shamba lake humngojea.

Hapo ndipo jaribu humjia. Mvua inanyesha, siku zinakwisha, na makao makuu yanadai orodha. Ni rahisi mno kukaa mezani na kuandika majina: la jirani asiyeulizwa, la shemeji aliye safarini, hata la marehemu. Ndugu zetu, hili si kosa dogo la daftari. Mtu aliyeandikwa bila ridhaa yake amesemeshwa neno ambalo hakulisema. Na chama kilichoanza kwa majina ya uongo kitahesabuje kura kwa kweli siku kitakapopata nguvu? Kwa hiyo twasema kwamba kipimo cha kiongozi wa kujitolea si sauti yake mkutanoni. Kipimo ni daftari lake: kila jina lina mwenyewe, kila ada ina stakabadhi, na kila shauri limeandikwa kama lilivyokatwa.

Lakini haki nayo ina pande mbili. Kama twamdai ajitoleaye uaminifu, chama nacho kimpe heshima ya kusikilizwa. Wilaya ya Mbulu ya zamani, iliyokuwa imeichukua Hanang ndani yake, ilitoa fundisho ambalo nchi nzima yalikumbuka. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 katika viti 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Mgombea rasmi wa chama alikuwa Chifu Amri Dodo, naye alishindwa na Bwana Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU vilevile, aliyesimama peke yake bila kuteuliwa na chama. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU; walikataa jina walilopelekewa. Wakubwa wa vyama vipya na walifikiri hilo. Aliyetembea vilimani kuandika wanachama hajui siasa ya mji mkuu, lakini anawajua watu, na asiposikilizwa watu nao hawatasikiliza.

Sasa twarudi kwetu. Kanuni za maadili ya utumishi hazimkatazi kila mtumishi kuwa na mapenzi ya chama, wala kupiga kura yake. Zinakataza kufanya siasa saa za kazi au mahali pa kazi, kutoa huduma kwa upendeleo, na kupeleka habari za ofisi kwa faida ya chama. Mahakimu na askari wa jeshi, wao Katiba imewakataza hata kujiunga. Wako wenzetu wasemao, "Mimi nitakuwa katibu jioni tu, mchana ni wa serikali." Twawajibu kwa jambo lililotokea. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vikilalamika kwamba fomu za wagombea wao zimekataliwa isivyo haki. Waliopokea fomu katika vijiji na kata walikuwa watumishi kama sisi. Hapa hatumhukumu mtu. Twauliza tu: kama mpokea fomu ni katibu wa chama kimoja jioni, nani atakayemsadiki akisema asubuhi kwamba fomu ya chama kingine ina kosa? Hata kosa likiwapo kweli, neno lake limekwisha kupoteza uzito. Mshika mawili, moja humponyoka. Na likimponyoka mtumishi, hasara ni ya wilaya nzima.

Basi shauri letu ni hili. Aliye na wito wa kuongoza tawi la chama, na aandike barua ya kuacha kazi kwa mkono wake, aende kwa heshima; hatutamwita msaliti, maana nchi yahitaji makatibu wakweli. Abakiye ofisini, na abaki kweli. Mwanachama wa kujitolea wa chama chochote akifika dirishani, viatu vimejaa matope ya Dongobesh au vumbi la Katesh, apokewe kwa salamu ileile, asomewe kanuni ileile, na akikosea aonyeshwe palipo na kosa kabla muda haujapita. Kufanya hivyo si upendeleo, ndiyo kazi tuliyoajiriwa kwayo.

Mtu yule hakulipwa na mtu kuja hapo. Sisi tumelipwa kumngojea.