Mwacheni Dada wa Watu na Nywele Zake Mbichi, Muongo ni Mwenye Jenereta

Kuna dada mmoja wiki hii mitandaoni hapumui. Jina halina haja, anajulikana. Kahama mjini, kajenga kijumba chake kisafi nje kidogo ya Dar, sehemu ambayo nguzo za umeme bado hazijafika, anaishi kwa sola. Watu walikuwa wanamsifia tu, mpaka siku alipoingia laivu nywele zinachuruzika maji, kajifunga tisheti kuukuu kichwani. Weee! Komenti zikafumuka. Mara kafulia, mara staa gani hana hata draya, mara arudi mjini akaoshwe nywele na wenzake.

Wakati huohuo kuna mwingine, naye eti yuko "porini na sola yake". Huyu kila akiposti, nywele zimenyooka na zinang'aa kama katoka saluni sasa hivi. Anamwagiwa kopakopa. Lakini ukisikiliza video zake vizuri, nyuma kuna jenereta linanguruma kama bodaboda ya mlimani. Hapo mashabiki mmechanganya madesa: mkweli mnamcheka, muongo mnampigia makofi.

Hesabu yenyewe haihitaji digrii. Draya ya kawaida inakula wati 1,200 hadi 2,000. Betri ya sola ya volti 12 yenye Ah 100 inabeba kama wati-saa 1,200, na kama ni ile ya asidi haitakiwi ishuke chini ya nusu, maana itakufa mapema. Kwa hiyo za kutumia ni 600. Washa draya ya wati 1,800, ongeza umeme unaopotea kwenye inveta, na dakika 18 tu mchezo umeisha. Nywele za kipilipili zilizojaa kichwa, dakika 18 hata upande mmoja haujakauka. Umeme huohuo ungewasha taa 5 za LED za wati 6 kwa saa 20. Nani achague kukaa gizani ili nywele zinyooke?

Na hili si suala la urembo peke yake. Mashabiki wanaiga. Kuna binti huko Mbagala anadunduliza hela za kikoba, ndoto yake akafungue saluni kijijini kwao ambako hakuna umeme. Anamtazama yule wa jenereta, anaamini sola ndogo inabeba draya na pasi ya nywele. Ananunua. Mteja wa kwanza anakaa kitini, inveta inalia piii, inazima. Mtaji umeondoka, na staa aliyemdanganya wala hajui kama binti huyo yupo duniani.

Sasa mtazameni tena yule dada wa tisheti. Hakuna ushamba pale. Tisheti ya pamba inanyonya maji bila kuzichakaza nywele kama taulo gumu. Kisha anazigawa mafungu, anasuka mabutu au anazifunga uzi, anakaa upepo unapopita. Zikifunguliwa zimenyooka, na umeme uliotumika ni sifuri. Akiwa na haraka, anawasha feni ya sola ya wati 15: saa 2 ni wati-saa 30 tu. Siri ni kwamba umeme mwingi wa draya unaenda kwenye joto, upepo wenyewe unakula kidogo sana. Bibi zetu walizijua nywele za uzi kabla draya haijafika mtaani, na hakuna aliyewaita wamefulia.

Ukweli mwingine nao usemwe. Njia hii inataka muda, na masika inasumbua. Nywele zikifunikwa kilemba au wigi zikiwa mbichi, zinanuka, hapo hakuna cha filta. Anayeishi hivi anaosha asubuhi siku ya jua, si saa 2 usiku akiwa na harusi kesho. Na siku ya shoo akiamua kwenda saluni ya mjini, aende tu, si dhambi. Hata jenereta si dhambi. Dhambi ni kulificha nyuma ya nyumba halafu kuwauzia watoto wa watu maisha ambayo hata wewe huyaishi.

Kwa hiyo wenye vidole vyepesi, punguzeni kumchamba aliyeonyesha nywele zake zilivyo. Zikikauka atapendeza, na taa zake usiku zitawaka. Yule mwingine aulizwe swali moja tu akiwa laivu: bosi, hilo linalonguruma huko nyuma ni nini?

Wadau mnaoishi na sola, nyie mnakaushaje? Shusheni ujuzi hapo chini.