Shokamzoba Haifyonzi Mshtuko: Jina Linapopotosha Tiba ya Gari

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Jina lisilofaa nalo huweza kumtia mtu gizani mchana kweupe, na mfano wake haupatikani katika vitabu vya isimu pekee. Unapatikana pia chini ya gari. Kifaa ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukiita shokamzoba kilipokewa pamoja na jina lake kutoka Kiingereza, na jina hilo likifasiriwa neno kwa neno ni 'kifyonza mshtuko'. Makala haya yanashikilia kwamba jina hilo linapotosha, kwamba upotoshaji huo unawagharimu watu fedha na usalama, na kwamba wasomi wa Kiswahili wana wajibu katika jambo hili ambalo aghalabu huachiwa gereji.

Ikumbukwe kwamba kinachopokea mshtuko wa barabara ni springi. Gurudumu linapokanyaga tuta au kutumbukia shimoni, springi hubanwa na kuihifadhi nguvu ya pigo hilo. Ikiachwa peke yake, ingeirudisha nguvu hiyo, ikabanwa tena, na gari likaendelea kuinuka na kushuka muda mrefu baada ya tuta kupitwa. Kazi ya shokamzoba ni kuituliza springi. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vijitundu na vali, na ukinzani wa mafuta hayo huigeuza nguvu ya mwendo kuwa joto. Wafaransa hukiita kifaa hicho amortisseur, jina litokanalo na kitenzi chenye maana ya kufifisha. Wahandisi wa Uingereza nao wana jina la pili linalosema habari ya kupunguza mtikisiko, wala halitaji mshtuko. Kiswahili kilirithi lile jina la kwanza.

Matokeo yake ni yapi? Mwenye gari aaminiye kwamba shokamzoba ndiyo ipokeayo mapigo huishuku kila asikiapo kelele. Hununua mpya, hulipa fundi, kisha siku ya pili kelele ile ile humsalimu kwenye tuta la kwanza. Ama kwa hakika, shokamzoba iliyochoka aghalabu ni bubu. Dalili zake ni gari kuyumbayumba baada ya tuta, pua ya gari kuinama mno breki zinapokanyagwa, tairi kulika kwa mabonde mabonde, na umbali wa kusimama kurefuka hasa barabarani penye mashimo, kwa kuwa gurudumu linalorukaruka haliwezi kushika lami. Hivyo basi, kosa huenda pande mbili: shokamzoba nzima hutupwa kwa sababu ya kelele isiyo yake, ilhali iliyokufa huendelea kutumika kwa kuwa imenyamaza.

Gari la kufaa kuwa mfano katika Kenya ni Subaru Impreza WRX. Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili yana historia. Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally kwa Impreza mwaka wa 1997, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka wa 2000. Magari ya kizazi cha pili, yaliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007, yangalipo barabarani ingawa mipira yake imezeeka. Hapa mbele springi na shokamzoba zimeunganishwa kuwa mguu mmoja, kwa mpango unaobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Juu ya mguu huo pana kiungo cha mpira chenye beringi. Chini pana mkono wenye bushi na boljointi. Na kando pana linki nyembamba ziushikazo ule mtaimbo unaozuia gari kulala upande katika kona. Kila kimojawapo huweza kupiga kelele.

Ni katika kuzitofautisha kelele hizi ndipo Kiswahili hudhihirisha utajiri wake. Kelele inayotatarika, ta-ta-ta, gari liendapo polepole juu ya barabara ya changarawe, aghalabu ni ya linki za mtaimbo. Kelele inayogota mara moja kwa uzito, gudu, gari linapoanza mwendo au linapofunga breki, huelekeza kwenye bushi za mkono wa chini. Ikiwa springi inaalika au kukwaruza usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama, beringi ya juu ya mguu ndiyo ya kushukiwa. Mvumo unaopanda kwa kadiri ya mwendo ni wa beringi ya gurudumu au wa tairi, nao hauhusiani na shokamzoba hata kidogo. Kishindo kikubwa kwenye shimo refu huonyesha kwamba mguu umefika mwisho wa safari yake na kile kizuizi cha mpira kimekwisha. Kutatarika, kugota, kualika, kukwaruza, kuvuma: fundi aliye na vitenzi hivi vitano amekwisha kupunguza washukiwa kabla ya kushika spana.

Hata hivyo, sikio pekee halitoshi. Fundi makini huzifungua linki za pande zote mbili kwa muda, akaliendesha gari taratibu mahali pasipo na magari. Kelele ikitoweka, mkosaji amepatikana. Huzijaribu bushi kwa mtaimbo, akatazama mipira iliyopasuka. Huchunguza mwili wa shokamzoba: ukungu mwembamba wa mafuta si ugonjwa, bali michirizi inayotiririka ni hukumu. Lile jaribio maarufu la kuikandamiza kona ya gari na kuhesabu miinuko lina kikomo chake, kwa sababu springi ngumu za gari la mwendo kasi hazibonyei vya kutosha kwa uzito wa mkono. Aidha, pana mtego mmoja unaostahili kutajwa. Katika baadhi ya matoleo ya STI, shokamzoba zimejengwa kwa kupinduliwa, zikateleza ndani ya bushi zinazohitaji grisi. Grisi ikikauka, zenyewe hugota bila kuvuja tone la mafuta. Hapo kelele ni ya shokamzoba kweli, lakini huenda tiba ikawa kufunguliwa na kutiwa grisi badala ya kununuliwa nyingine.

Endapo imethibitika kwamba shokamzoba imekufa, swali la kuchagua mpya lijibiwe kwa kanuni ile ile: kituliza springi kichaguliwe kwa kuiangalia springi. Gari lenye springi zake za kiwandani, litumikalo kila siku, hutoshelezwa na shokamzoba ya mabomba mawili kama KYB Excel-G, ambayo ni nafuu na ya upole. Gari liendeshwalo kwa kasi muda mrefu hufaidika kwa shokamzoba ya bomba moja, ambayo gesi yake yenye shinikizo hutengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea. Hupoa upesi, na mafuta yake hayageuki povu kwa urahisi. Lakini bomba hilo moja likigongwa na jiwe na kubonyea, pistoni huweza kukwama. Bilstein hutengeneza B6 kwa springi za urefu wa kawaida na B8, iliyofupishwa, kwa springi za kulishusha gari. Kuweka moja mahali pa nyingine ni kununua kosa kwa bei ya juu.

Fauka ya hayo, ugumu si ubora. Shokamzoba iliyo ngumu kuliko springi yake hulifanya gurudumu lirukeruke juu ya barabara mbovu badala ya kuifuata. Vijana wanaolishusha gari hadi liparuze matuta, wakidai kuuenzi utamaduni wa Safari, wausome utamaduni huo vyema: magari ya Safari yaliinuliwa na kupewa miguu yenye safari ndefu, kwa kuwa mashimo ya Kenya hayaheshimu mapambo. Zile kuukuu zilizofunguliwa kutoka magari ya Japani nazo huvutia kwa bei, ila mnunuzi hununua umri asioujua. Shokamzoba hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Bolti za bushi hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kisha pembe za magurudumu hupimwa upya. Na nati ya juu ya mguu isifunguliwe kamwe pasi na kibana springi, kwani nguvu iliyohifadhiwa humo yaweza kuua.

Patakuwapo watakaouliza mambo haya yanamhusu nini mwanafunzi wa fasihi au isimu. Jibu ni kwamba kila hatua iliyotajwa hapo juu ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya spana. Mwenye gari aelezaye tu kwamba 'gari linapiga kelele' amemnyima fundi ushahidi. Asemaye kwamba linatatarika kwenye changarawe na kunyamaza kwenye lami amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi. Tanakali za sauti hufundishwa darasani kama pambo la masimulizi. Gereji huonyesha kwamba ni chombo cha maarifa.

Kwa hivyo, mapendekezo ni mawili. La kwanza, vitabu na kamusi zitakazoandikwa zikieleze kifaa hiki kwa kazi yake. Neno shokamzoba limekwisha kuzoeleka, wala hapana haja ya kulifukuza kwa amri. Lakini fasili yake iseme kwamba ni kituliza springi, na istilahi hiyo itumike katika mafunzo ya ufundi. La pili, wanafunzi wa Kiswahili walio Nairobi waende Barabara ya Kirinyaga na Grogan wakiwa na madaftari, wawasikilize mafundi, na waandike kila kitenzi cha sauti pamoja na hitilafu inayotajwa nacho. Watakuta maneno ambayo kamusi hazijayapata, na huenda wakakuta mafundi wawili wakitofautiana kuhusu neno moja. Tofauti hizo nazo ziandikwe. Orodha ya namna hiyo ingemfaa mwanaisimu, na ingemwokolea mwenye gari bei ya shokamzoba mbili ambazo hazikuwa na kosa.