Kaunti Yako Iko Kwa Chama Ngapi? Hii Hapa Hesabu Ya Doo Na Faida

Kila msee mtaani anajua sheria ya chama. Unatoa mchango kila mwezi, na zamu yako ikifika usione kitu, mweka hazina anakuona mlangoni. Usiporidhika unatoka na ganji yako. Sasa kaunti yako pia iko kwa chama, pengine mbili au tatu, na mchango unatoka kwa kodi na leseni unazolipa kanjo. Shida ni kwamba ukiwa na swali hujui mlango wa kubisha.

Wacha tuzitaje. Ya kwanza ni Baraza la Magavana, ambalo lilianzishwa na sheria ya 2012 na kaunti zote 47 ziko ndani. Halafu kuna kanda za kiuchumi. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kanda ya Ziwa, ile inaitwa LREB, ina 14. Kaskazini kuna FCDC, na kule Ukambani Machakos, Makueni na Kitui ziko pamoja. Sisi wa Nairobi tuna NAMATA, mamlaka ya usafiri ya 2017 inayoshikanisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a.

Kikatiba hakuna noma. Kifungu cha 189 kinaruhusu kaunti zishirikiane na hata kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Swali ni kama inalipa.

Pale inalipa

Maji hayajui mpaka. Mombasa inategemea maji ya Mzima kule Taita Taveta, ya Baricho kule Kilifi, na ya Marere na Tiwi kule Kwale. Gavana wa Mombasa hata awe mchapakazi aje, bila majirani mifereji inakauka. Nairobi pia maji yake mengi yanatoka Ndakaini, Murang'a. Na uchafu tunaotupa kwa Mto Nairobi unaingia Mto Athi, unapita Machakos na Makueni, halafu unaishia baharini karibu na Malindi kama Sabaki. Yaani mtoto wa Kilifi anaogelea kwa taka ya Korogocho. Hiyo stori hakuna kaunti moja inaweza kuimaliza.

Cheki pia gugumaji la Ziwa Victoria. Leo upepo unalisukuma Kisumu, kesho liko Homa Bay. Kisumu ikisafisha peke yake ni kama kufagia uwanja na jirani anakumwagia majani.

Faida ya pili ni sauti. Mwaka wa 2019 Bunge la Kitaifa na Seneti walizozana kuhusu pesa za kaunti, magavana wakaenda Mahakama ya Juu wakiwa kitu kimoja. Mwaka uliofuata mahakama ikasema Bunge la Kitaifa haliwezi kupitisha sheria ya matumizi ya serikali kabla ile ya kugawa mapato haijapita. Pesa zenyewe hazikuongezeka mwaka huo, lakini ile kanuni imebaki. Lamu ikienda peke yake kupambana na Hazina Kuu, nani angeisikiza?

Pale inauma

Sasa geuza sarafu. Sheria hiyo hiyo ya 2012 inasema gharama za kuendesha Baraza la Magavana zitoke kwa bajeti ya serikali kuu. Lakini kaunti zimekuwa zikituma michango, na ripoti za Mkaguzi Mkuu zimeuliza mara kadhaa: hizi pesa zinalipwa kwa sheria gani? Michango ya kanda nayo imeulizwa swali hilo hilo. Hapa si kudai kuna mtu ameiba. Lakini shilingi ikivuka mpaka wa kaunti, MCA wako hana nguvu ya kuifuata vile anafuata pesa ya barabara ya wadi.

Halafu kuna kaunti ziko kwa chama mbili. Tana River na Lamu ziko Jumuiya ya Pwani na pia FCDC. Trans Nzoia na Nandi ziko Kanda ya Ziwa na pia ile ya North Rift. Inaweza kuwa busara, kwa sababu Tana River kweli ina pwani na ina wafugaji. Lakini hapo ni michango mara mbili, mikutano mara mbili, na marupurupu ya safari mara mbili, na dispensari iko na panadol pekee.

Na kuwa na chama si kuwa na kazi. Kama unaishi Rongai, Kitengela, Syokimau au Ruiru na unafanya job tao, NAMATA ndiyo chama yako. Mwaka wa 2018 Thika Road ilichorwa laini nyekundu, tukaambiwa mabasi ya kasi yanakuja. Rangi ilifika kabla ya basi. Kaunti tano ziko ndani ya mamlaka moja, na bado nauli inapanda mvua ikinyesha na jam ya Githurai bado inakula masaa yako. Hiyo bill unailipa wewe, kila asubuhi.

Hesabu ya mwisho

Kujitoa kila mahali ni ujinga, kwa sababu mto hautasimama Mlolongo uombe kibali. Kuingia kila mahali pia ni ujinga. Chama ya maana ni ile inashughulikia kitu kaunti haiwezi kumaliza peke yake, na inaleta hesabu nyumbani. Maji, takataka, usafiri na magonjwa ya mifugo, sawa. Kongamano la kupiga picha hotelini, hapana.

Kwa hivyo bajeti ya kaunti ikiletwa kwa wananchi, usiache hiyo siku iwe ya wazee pekee. Ni haki yako kukaa pale na kuuliza. Muulize MCA wako maswali matatu. Moja, mwaka huu tumetoa ngapi kwa hizi chama, na ni sheria gani inaruhusu? Mbili, ni kitu gani tumepata ambacho hatungepata tukiwa peke yetu? Tatu, tukitaka kutoka, tunatoka aje?

Akijibu yote matatu, wacha walipe. Akianza kukuna kichwa, hiyo pesa ina kazi kwa wadi yako.