Wito kwa Wananchi: Maji ya Meru na Ajira za Wahitimu wa Nanoteknolojia

Nanoteknolojia, yaani elimu ya kuunda na kutumia vitu vyenye ukubwa wa takriban nanometa 1 hadi 100, ambapo nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya meta, hudhaniwa na wengi kuwa haina kazi ya kumpa mhitimu anayerudi kijijini. Dhana hiyo hukanushwa na ndoo ya maji katika vijiji vingi vya miteremko ya Mlima Meru: maji ni maangavu na hayana harufu, lakini yamebeba floraidi, madini yatokanayo na miamba ya volkano, ambayo yakizidi huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na, baada ya miaka mingi, huweza kupinda mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi hubaki, tena ikiwa imekolea zaidi.

Kama chumvi iliyosagwa inavyoyeyuka upesi kuliko bonge, ndivyo kitu kilichogawanywa kuwa chembe za nano kinavyopata uso mpana wa kunasia uchafu. Kwa msingi huo Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela mkoani Arusha alibuni mchujio unaounganisha mchanga na chembe hizo, uliompatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015. Hata hivyo, mchujio hauishi bila mtaalamu wa kupima maji ya kila chanzo, kuchagua chembe zinazoyafaa, na kuzibadilisha zinaposhiba. Na kazi hizo ndizo ajira za wahitimu.

Kwa hiyo, jumuiya za watumia maji zinaombwa kuungana, vijiji kadhaa kwa pamoja, ili zichangie ujira wa mtaalamu mmoja ambao kijiji kimoja hakiwezi kuumudu; wahitimu nao wanaombwa kuunda vikundi na kuomba mikopo ya vijana ya halmashauri, badala ya kila mmoja kuzungusha bahasha yake peke yake; na wazazi wanaombwa kudai kwamba kipimo cha floraidi kibandikwe penye kila bomba la shule, kando ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kudumu huharibika yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya, kabla mzazi hajaona doa lolote. Ndiyo maana suala hili linastahili kuwa ajenda ya mkutano wa kijiji ujao, wala si wa mwaka kesho.