TAWI LILILOVUNJIKA NI MLANGO

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa kuchuma ukikaribia, neno letu kwenu ni moja: tawi lisivunjwe.

Mwaka 1952 wataalamu Nutman na Roberts walieleza kuvu mbili mpya katika mikarafuu ya Zanzibar. Mojawapo huingia penye jeraha. Mchumaji avutapo tawi kwa nguvu likapasuka, mbegu za kuvu, zisizoonekana kwa macho, hupata mlango. Kisha ukavu hushuka kidogo kidogo kuelekea shinani.

Lakini si kila kuvu ni adui. Ziko zikaazo mizizini, huuletea mti fosfati ya ardhini, nazo hulipwa sukari itengenezwayo na majani. Kwa hiyo haifai kuchoma moto chini ya mikarafuu. Majani yaachwe yaoze, yarutubishe udongo.

Wengi huwalaumu wachumaji. Sisi twaona lawama hiyo si ya haki. Alipwaye kwa pishi peke yake hana faida ya kuuhurumia mti, maana tawi lililovunjwa humjazia pakacha upesi. Twashauri kila mwenye shamba atoe ngazi madhubuti, na amwongezee ujira yule aachaye mti mzima. Tawi lililokwisha vunjika likatwe vizuri kwa msumeno, na lililokufa litolewe shambani.

Karafuu za msimu mmoja huuzwa zikaisha. Mkarafuu hulisha hata wajukuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wenu,
Katibu