Herufi Tatu Ubavuni mwa Injini

Majuma machache yaliyopita kijana mmoja alibisha hodi kwetu, ameshika bahasha iliyochakaa. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili: kitabu cha kazi cha babu yake, na picha moja iliyoanza kugeuka rangi ya majani makavu. Katika picha ile babu amesimama mbele ya kichwa cha gari la moshi, kofia mkononi, na wenzake watatu pembeni. Ubavuni mwa injini zimeandikwa herufi tatu: CFL. Nyuma ya picha mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: «Mikado, Albertville». Basi.

Kijana alitaka kujua jambo moja tu: babu yake alifanya kazi wapi, na juu ya mashine gani. Alikuwa amesikia kwamba huko Ulaya wako watu wanaopenda magari ya moshi kupita kiasi, wanaokusanya picha, namba na habari za kila injini, hata zile za Kongo. Akawaandikia. Mtu wa kwanza alimjibu kwamba amekosea: CFL ni reli za Luxembourg, na Albertville ni mji wa milimani katika Ufaransa. Mtu wa pili alikuwa mwenye maarifa ya kweli, lakini jibu lake lilikuwa mstari mmoja tu, nao ulikuwa hivi: 2-8-2, mita, kisha 1067, tazama KDL na SNCZ. Kijana aliikunja barua ile akairudisha katika bahasha. Alituambia, «Baba, nimeona afadhali niache. Wale wanasemezana wao kwa wao.»

Neno hilo lilitukaa moyoni, na ndiyo maana juma hili tunaacha habari nyingine ili tuzungumze juu ya lugha ya wapenzi wa reli.

Kwanza tusiwaonee. Watu hawa hawakubuni vifupisho kwa nia ya kuwafungia wengine mlango. Wengi wao walianza wakiwa watoto, wamesimama kando ya njia na daftari, wakiandika namba ya kila injini iliyopita. Katika Uingereza mazoea hayo yalipata nguvu mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Karani mmoja kijana wa kampuni ya Southern Railway, jina lake Ian Allan, alikuwa akijibu barua za watu waliouliza habari za injini. Alipochoka kuandika majibu yale yale, alitunga kijitabu chenye orodha ya injini zote za kampuni na namba zake. Alikiita ABC, yaani alfabeti ya mtoto anayeanza kusoma. Kijitabu cha wanaoanza! Kilinunuliwa sana, vikafuata vingine vingi, na watoto wale walipokuwa watu wazima walikuwa wamekwisha kuzoea kutaja injini kwa namba kama sisi tunavyotajana kwa majina ya ubatizo.

Jambo la pili ni simu ya waya. Zamani stesheni moja iliagiza mabehewa kwa stesheni nyingine kwa kugonga maneno, na kila neno lilikula wakati. Kwa hiyo kampuni kubwa ya magharibi ya Uingereza, iliyoitwa GWR, ilitoa neno moja kwa kila namna ya behewa. Behewa la mwisho, anamokaa mlinzi wa gari na breki yake, liliitwa Chura. Behewa la chini la kubebea mizigo mizito sana liliitwa Mamba. La maziwa liliitwa jina la mrija wa kunyonyea maji, na hilo angalau lina maana. Baadaye waliotengeneza njia walichukua majina ya samaki, hata behewa moja la kusawazisha kokoto likawa Papa, yule samaki mkali wa baharini ambaye sisi wa bara tunamwona katika vitabu tu. Karani wa simu alihitaji maneno hayo ili kazi iende upesi. Simu zile zimekwisha, nayo kampuni ya GWR ilitwaliwa na serikali mwaka 1948 pamoja na nyingine, lakini Chura na Mamba wangali wanaishi vinywani mwa wapenzi. Mgeni akiingia katika mazungumzo yao na kusikia kwamba Chura amepotea, hajui kama acheke au asikitike.

Sasa tuje kwenye tarakimu zile, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na kumbe ni jambo rahisi kuliko hesabu ya darasa la pili.

Injini ya mvuke ina magurudumu makubwa yanayosukuma, na mara nyingi ina madogo mbele na nyuma ya kubeba uzito na kuongoza katika kona. Waingereza na Waamerika huhesabu magurudumu yote, ya kulia na ya kushoto, kwa mtindo wa Mwamerika Frederick Whyte: madogo ya mbele, makubwa, madogo ya nyuma. Kwa hiyo 2-8-2 ni mawili, manane, mawili. Wafaransa huhesabu jozi, si gurudumu moja moja, nao injini ile ile huiita 141. Wajerumani nao huhesabu jozi, lakini zile za kusukuma huziandika kwa herufi: A ni jozi moja, B ni mbili, hata D ni nne; basi kwao ni 1D1, pamoja na alama ndogo ambazo tunaziacha. Injini ni moja, majina matatu. Bado la nne! Mwaka 1897 kiwanda cha Baldwin huko Marekani kiliwaundia Wajapani injini za namna hii, na kwa sababu mfalme wa Japani aliitwa Mikado, injini nazo zikapewa jina lake. Vita na Japani vilipoanza mwaka 1941, Waamerika wengine waliona haya kutaja mfalme wa adui kila siku kazini, wakaiita MacArthur, jina la jenerali wao. Mtu akisoma vitabu viwili vya miaka hiyo anaweza kudhani anasoma habari za mashine mbili.

Wasomaji wetu waliofika Nairobi na kuingia katika jumba la kumbukumbu za reli huenda wameiona ile injini kubwa ajabu, namba 5918, iitwayo Mount Gelai kwa jina la mlima wa Tanzania. Namba yake si ya kubahatisha: 59 ni aina, 18 ni injini ya kumi na nane katika aina hiyo. Ni ya namna ya Garratt, yaani ina mafungu mawili ya magurudumu, na boila imelala katikati kama mgonjwa juu ya machela. Wapenzi huiandika 4-8-2+2-8-4. Ukihesabu kwa kidole utaona hakuna uchawi.

Lakini kwetu Kongo ugumu ni mwingine. Sisi tatizo letu si magurudumu, ni kampuni. Tazameni reli za Katanga. Mwanzo palikuwa na CFK, Reli ya Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1902. Mwaka 1906 ikaja BCK, na kwa miaka mingi watu wakasema BCK tu, hata watoto. Kisha ikawa KDL. Mwaka 1974 makampuni yaliunganishwa, ikawa SNCZ, na Z ni Zaire. Jina la Zaire lilipoondolewa mwaka 1997, ikawa SNCC. Huko magharibi, njia ya Matadi iliyokamilika mwaka 1898 ilikuwa chini ya Otraco tangu miaka ya 1930, ikawa Onatra wakati wa Zaire, na baadaye ikapewa jina la SCTP, ingawa watu wengi hawakuacha kusema Onatra. Jamaa moja inaweza kuwa na babu wa BCK, baba wa KDL na mwana wa SNCC, wote watatu wametembea juu ya reli zile zile.

Tena, hata akijua maana ya herufi, mgeni hajapona. BCK ni kifupi cha Bas-Congo hadi Katanga. Je, reli hiyo ilifika Bas-Congo? Haikufika kamwe. Mwaka 1928 ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo, juu ya mto Kasai, ikaishia pale. Mizigo ikashushwa na kupakiwa katika meli mpaka Léopoldville. KDL nayo ina L ya Léopoldville, mji ambao hakuna gari la moshi la Katanga lililowahi kuufikia. Jina lilitaja tumaini la wakubwa, wala si njia iliyojengwa.

Na hiyo CFL ya kijana wetu? Ni kampuni ya reli za Kongo ya Juu hadi Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902. Maneno ni mengi, herufi tatu tu zikabaki. Ilijenga njia ya Stanleyville hadi Ponthierville, ikafunguliwa 1906, ili kuzunguka maporomoko. Ikajenga ya Kindu hadi Kongolo, 1911. Na ya Kabalo hadi Albertville juu ya ziwa Tanganyika, 1915. Huo ndio Albertville wa picha, ambao leo ni Kalemie, wala si ule wa Ufaransa. «Mita» katika barua ile maana yake ni upana kati ya reli na reli: CFL ilitumia milimita 1000, na Katanga 1067, hata magari ya mmoja hayakuweza kupita kwa mwingine. Katika miaka ya 1950 njia ya Kalemie ilipanuliwa, na mwaka 1956 ikaungwa na Kamina. Yule bwana wa Ulaya alikuwa amejibu kila kitu, na kwa usahihi. Ila alijibu kama mtu anayempa mwenye njaa sanduku la chakula bila ufunguo.

Hapa tuna neno na wapenzi wa reli, wa Ulaya na wa kwetu pia, maana wastaafu wetu nao hupenda kumcheka kijana asiyejua. Hatuwaombi watupe vifupisho vyao. Tunawaomba waandike maneno kamili mara ya kwanza, kisha wafupishe wapendavyo. Picha nyingi za reli zetu zimo katika makabati yao, na maelezo yameandikwa kwa lugha ile ya siri. Wajukuu wa waliotia kuni katika injini zile wakigeuzwa mlangoni, ni nani atakayewaambia wenye picha majina ya watu waliosimama mbele ya mashine? Namba ya injini imeandikwa. Majina ya wale wanne hayakuandikwa popote.

Tulimpeleka kijana kwa mzee mmoja jirani yetu, aliyeanza kama mtia moto njia ya Kabalo. Kijana, akiwa sasa amejifunza, alisema kwa fahari, «Babu, hii ni 2-8-2.» Mzee akakasirika. «Nani amekudanganya, mjukuu wangu? Hii ni 141!» Wakabishana hata chai ikapoa. Mwishowe mzee akavaa miwani, akaweka kidole juu ya picha, akaanza kuhesabu magurudumu kwa sauti. Alipofika la mwisho hakuinua kidole, bali alikisogeza pembeni, kwa mtu wa tatu kutoka kushoto, akataja jina lake. Kijana aliomba kalamu.