Na Tuwahesabu Tai Wapitao

Wako wasemao kwamba kusimama kilimani na kuhesabu tai ni kazi ya mtu asiye na kazi. Mwewe na tai, wasema, ni wezi wa vifaranga, wakipungua, heri. Mimi naona sivyo, na nitawajibu kwa habari za Marekani.

Katika jimbo la Pennsylvania kuna mlima uitwao Hawk Mountain. Upepo ukigonga ubavu wake hupanda juu, na ndege wasafirio kwenda kusini huufuata upepo huo wasichoke kupiga mabawa. Zamani wawindaji walikaa pale wakiwapiga risasi kwa mchezo tu. Mwaka 1934 Bibi Rosalie Edge aliukodi mlima, akamweka Maurice Broun kuulinda. Broun alifukuza bunduki, kisha akafanya jambo kubwa zaidi: alianza kuhesabu.

Tai wenye kichwa cheupe, ambao ni nembo ya nchi ile, huwa na kichwa cheusi wakiwa wadogo, hivyo watoto waliweza kuhesabiwa mbali na wazee. Kati ya mwaka 1935 na 1939, katika kila tai 100, 40 walikuwa wachanga. Kati ya 1955 na 1959 walikuwa 20 tu. Na mwaka 1957 alionekana mtoto mmoja kwa wazee 32. Mtu atazamaye angani bila daftari angaliona tai wazee wakipita kama kawaida, akasema hapana neno. Kumbe dawa ya wadudu, DDT, ilikuwa ikiharibu mayai. Rachel Carson alizitumia hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962. Mwaka 1972 DDT ikakatazwa mashambani huko, na tai wakarudi.

Basi, hapa Uganda twawapokea, tangu Oktoba hivi hadi Machi, tai wazaliwao katika nyika za Urusi na Kazakhstan. Mwaka 2015 waliandikwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Wakiwa Afrika hupenda sana kumbikumbi. Kifaranga cha mama yako si shabaha yao. Mtoto wao hujulikana kwa mstari mweupe chini ya bawa.

Siku hizi wataalamu huwafunga baadhi yao chombo kidogo mgongoni kionyeshacho njia yao. Ni kizuri, lakini chatueleza alikopita tai mmoja, si wamebaki wangapi. Yafaa shule yetu iwe na daftari: siku, saa, upepo, wazee, wachanga. Siku isiyo na ndege iandikwe sifuri, maana bila sifuri hatutajua kama ni tai waliokosekana au ni mhesabuji. Watahiniwa wasiogope, tai hawa husafiri mchana jua likiwa kali, saa ambayo sijaona wengi wakisoma.

Shida iko Desemba, shule ikifungwa na tai wangali angani. Ndugu zetu mliokwisha maliza na mnaokaa karibu, nani kati yenu atalishika daftari mwezi ule?